Dau juu ya gari litakalotangulia: ni burudani au ni kamari?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie kadhia ambayo wazazi wengi hawaijui, ilhali watoto wao wanaijua vyema. Kadhia yenyewe ni kuweka dau la fedha juu ya timu itakayotoa muda wa kasi zaidi katika mchujo wa mbio za magari za Formula One. Huenda mzee akisikia jambo hili akacheka na kuuliza: sisi na magari ya Wazungu tunahusiana nini? Uhusiano upo, nao umo ndani ya simu aliyoinunua yeye mwenyewe ili mwanawe apate kuwasiliana na nyumbani. Kampuni zinazopokea dau la mechi za mpira huuza pia dau la mbio za magari, na kijana aliyekosa mechi ya kuchezea siku hiyo huhamia kwenye magari, pengine hata hajui dereva ametoka nchi gani.

Tumeliteua jambo hili kwa makusudi. Kamari ya karata na ya dadu kila mmoja wetu anaitambua kwa sura yake, na mzazi akimkuta mwanawe ameketi nayo hulijua la kufanya. Lakini kamari ya mbio za magari imevikwa joho la elimu. Huja na takwimu, na muda uliopimwa kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, na uchambuzi wa injini na matairi. Kijana akiulizwa hujibu kwa utulivu kwamba yeye habahatishi, bali anachambua. Hoja hiyo inastahiki kujibiwa kwa haki, wala si kwa kukemea peke yake.

MCHUJO NI KITU GANI

Mashindano ya Formula One huchukua siku tatu, aghlabu Ijumaa hadi Jumapili. Mbio zenyewe huwa Jumapili. Kabla yake, kwa kawaida siku ya Jumamosi, hufanyika mchujo wa kupanga nani aanze mbele na nani aanze nyuma. Katika msimu wa 2025 timu zilikuwa 10, kila moja na magari mawili. Awamu ya kwanza ya mchujo ilichukua dakika 18, na magari matano yaliyokuwa ya polepole yakatolewa. Awamu ya pili ilikuwa dakika 15, yakatolewa mengine matano. Kumi yaliyosalia yaligombea nafasi ya mbele kwa dakika 12. Utaratibu huu wa awamu tatu ulianza mwaka 2006, ijapokuwa dakika na hesabu ya magari vimekuwa vikibadilika.

Dau tunalolizungumzia huwekwa juu ya timu ambayo gari lake litaongoza mwishoni mwa awamu hiyo ya mwisho. Mwenye kubeti hutoa fedha, kampuni humwahidi malipo ya mara kadhaa ya dau lake iwapo ataotea, na akikosa fedha yake huenda isirudi. Vijana huiita karatasi hiyo ya ubashiri "mkeka", na ukikosea husema mkeka umechanika. Jina hilo linatusikitisha, kwani mkeka katika nyumba zetu ni kitu cha kuswalia na cha kumkaribishia mgeni.

JE, NI ELIMU AU NI BAHATI?

Tuitazame sasa hoja ya uchambuzi. Hatukatai kwamba elimu ya magari ipo. Wahandisi wa timu hizi ni watu waliosoma sana, na anayefuatilia mchezo kwa miaka hujua timu ipi ina gari zuri. Swali ni je, fedha ya kijana hufuata elimu hiyo, au hufuata jambo lisilokuwa mikononi mwa mtu yeyote?

Tarehe 8 Juni 2024, mjini Montreal nchini Kanada, George Russell wa timu ya Mercedes alizunguka njia kwa dakika 1 na sekunde 12.000. Baadaye Max Verstappen wa Red Bull akazunguka kwa dakika 1 na sekunde 12.000. Hapakuwa na tofauti hata ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Nafasi ya kwanza alipewa Russell kwa sababu moja tu: yeye ndiye aliyetangulia kuuweka muda huo. Kabla ya hapo, huko Jerez nchini Hispania mwaka 1997, madereva watatu walilingana kwa dakika 1 na sekunde 21.072: Jacques Villeneuve na Heinz-Harald Frentzen wa Williams, na Michael Schumacher wa Ferrari. Villeneuve akapewa nafasi ya mbele kwa kuwa alitangulia. Sasa tuulize: ni uchambuzi gani uliomwezesha mtu kujua kwamba magari yatalingana, kisha utangulizi wa dakika kadhaa ndio utakaoamua? Aliyeweka ada ya shule juu ya Red Bull siku ile ya Montreal hakushindwa na elimu ya mwenzake.

Tuchukue mfano wa pili. Tarehe 11 Novemba 2022, huko Interlagos mjini São Paulo nchini Brazil, timu iliyotangulia ilikuwa Haas, ambayo tangu iingie mashindanoni mwaka 2016 haikuwa imewahi kuongoza mchujo. Kevin Magnussen aliweka muda wake njia ikiwa bado na ukavu, gari la Russell likateleza na kunasa kwenye changarawe, mchujo ukasimamishwa, na kabla haujarudi mvua ikawa imekwisha kunyesha. Hakuna aliyeweza tena kuupunguza muda ule. Mvua ya Allah (S.W.) ndiyo iliyoamua. Anayejua mvua itateremka lini na wapi ni Yeye, wala si kampuni ya kubeti, wala si kijana mwenye simu.

Tena hata gari likishatangulia mbele ya macho ya watu, jambo lenyewe huenda halijakwisha. Mwaka 2012 katika mbio za Hispania, Lewis Hamilton wa McLaren alikuwa na kasi kuliko wote. Lakini gari lake lilisimama njiani likirejea kwa kuwa mafuta yaliyobaki hayakutosha kutolewa sampuli ya ukaguzi. Wasimamizi wakamfutia matokeo yake na kumpeleka nyuma ya wote, na nafasi ya mbele ikaenda kwa Pastor Maldonado wa Williams. Huko Ubelgiji mwaka 2024 Verstappen aliongoza mchujo, lakini kwa adhabu ya kubadilisha sehemu za injini akarudishwa nafasi 10, na aliyeanza mbele akawa Charles Leclerc wa Ferrari. Basi nani "ametangulia"? Aliyekuwa na kasi au aliyeanza mbele? Jibu limo katika masharti yaliyoandikwa na kampuni kwa herufi ndogo, ambayo mwenye kubeti aghlabu hakuyasoma. Huu ndio utata na ujinga wa jambo ambao wanavyuoni wetu wanauita gharar, na biashara yenye gharar kubwa hairuhusiwi hata kama wenye kuuziana wameridhiana.

SHERIA INASEMAJE

Ndugu wasomaji, dini yetu haikukataza mashindano. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliokuwa wamefunzwa kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale wasiofunzwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Imepokewa pia kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba ngamia wa Mtume (s.a.w.), aitwaye Al-Adhbaa, alikuwa hatanguliwi, hata siku moja akaja bedui na ngamia wake akamtangulia. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, na Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni haki ya Allah kutokiinua kitu chochote cha dunia ila hukiteremsha. Hakuna aliyetoa mali kwa kushindwa siku ile, na wote waliondoka na somo.

Ama zawadi, wanavyuoni wameifafanua. Ikiwa inatolewa na kiongozi au mtu wa tatu asiyeshindana, ni halali katika mashindano yaliyoruhusiwa. Ikiwa kila mshindani anaweka mali yake ili aliyeshinda aichukue ya aliyeshindwa, hapo mlango wa kamari umefunguka, na wengi wa mafakihi hawakuliruhusu ila kwa masharti mahsusi katika mashindano ya maandalizi ya jihadi, kama farasi, ngamia na mishale. Na hayo yote yanamhusu mshindani mwenyewe, aliyepanda farasi na kutoka jasho. Ama mtazamaji aliyeketi kitako, akatoa fedha juu ya farasi wa mtu mwingine, huyo hakuingia katika ruhusa hiyo. Hakufunza mnyama wala hakujifunza ustadi. Alichokifanya ni kuitega mali ya nduguye.

Huenda kijana aliyesoma akatuambia: mbona Abu Bakr (r.a.) aliwekeana dau na washirikina wa Makka juu ya Warumi kuwashinda Waajemi? Kisa hicho kipo, na kinahusu mwanzo wa Suratur Rum. Lakini katika mapokezi ya Tirmidhi imetajwa wazi kwamba jambo hilo lilikuwa kabla dau halijaharamishwa. Isitoshe, Abu Bakr (r.a.) hakuwa akibahatisha. Alikuwa akisadiki habari iliyoteremshwa na Mola wake. Ni nani katika sisi aliyeteremshiwa wahyi kuhusu Ferrari?

Baada ya hapo ikaja hukumu ya Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ambamo kamari imewekwa pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya ramli, vyote vikaitwa uchafu katika kazi za shetani, nasi tukaamrishwa kuviepuka. Kisha tukaelezwa sababu: shetani anataka kututilia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kuswali. Na katika Suratul Baqara, aya ya 219, hapakukanushwa kuwa ndani ya kamari mna manufaa kwa watu, bali tumefahamishwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo anayetuambia kuwa fulani alishinda akanunua pikipiki hajatuletea hoja mpya. Jibu lake limekuwamo katika Qur'ani kwa zaidi ya karne 14.

Na tuitazame hiyo sababu ya swala kwa saa zetu wenyewe. Mbio nyingi za Ulaya katika miaka ya karibuni, mchujo wake umekuwa ukianza saa 11 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, na huendelea kwa muda wa saa moja hivi. Ukimalizika, Magharibi imebisha hodi. Mchujo wa Montreal tulioutaja ulianza saa 5 usiku. Anayetazama bila dau anaweza kuinuka akatawadha. Mwenye dau moyo wake umefungwa kwenye saa ya gari hadi dakika ya mwisho.

HESABU YA MWENYE KAMPUNI

Wapo wanaodhani kuwa kubeti ni ushindani kati yao na bahati. Si hivyo. Ni biashara ambayo mmoja ameshaihesabu. Tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme kampuni inaahidi malipo ya mara 2 kwa timu ya kwanza, mara 4 kwa ya pili, mara 5 kwa ya tatu, mara 8 kwa ya nne, na mara 20 kwa timu yoyote nyingine. Watu wakaweka shilingi 50,000 juu ya ya kwanza, 25,000 juu ya ya pili, 20,000 juu ya ya tatu, 12,500 juu ya ya nne, na 5,000 juu ya nyingine. Jumla iliyoingia ni shilingi 112,500. Sasa zidisheni wenyewe: timu yoyote itakayotangulia, kampuni italipa shilingi 100,000 tu. Shilingi 12,500 zimebaki kwake kabla gari halijawashwa. Katika kila shilingi tisa zilizowekwa, moja ni yake, iwe jua, iwe mvua.

Mfanyabiashara wa haki humpa mnunuzi bidhaa, na wote wawili huondoka na kitu. Hapa wabetaji wamenyang'anyana wao kwa wao, na mwenye meza amechukua fungu lake. Na aliyeshinda leo amelipwa kwa fedha ya nani? Amelipwa kwa karo ya mtoto wa mwenzake, na kwa unga wa mke wa mwenzake.

Kuna na khiyana ya wanadamu. Huko Monaco mwaka 2006, Schumacher alilisimamisha gari lake kwenye kona mwishoni mwa mchujo, akawazuia waliokuwa wakimfuata kuuboresha muda wao. Yeye alikana kukusudia, lakini wasimamizi waliamua kuwa alifanya kusudi, wakamrudisha nyuma ya wote. Huko Singapore mwaka 2008 jambo lilikuwa kubwa zaidi: dereva wa Renault, Nelson Piquet Mdogo, aligonga ukuta makusudi ili mwenzake Fernando Alonso anufaike, na Alonso akashinda. Ukweli ulidhihirika mwaka 2009, ushindi haukufutwa, na wenye dau hawakuwa na wa kumlalamikia.

JINA LILILO UBAVUNI MWA GARI

Wenye kuongoza mchezo huu nao hawakukaa mbali na kamari. Septemba 2018, Formula One ilitangaza mkataba wa udhamini wa kampuni za kubeti kupitia Interregional Sports Group. Katika misimu ya 2024 na 2025 timu ya Sauber ilibeba jina la Stake, kampuni ya kamari ya mtandaoni, na katika baadhi ya nchi ambazo sheria zinakataza matangazo ya kamari ilibidi jina hilo liondolewe. Hebu tuzingatie: nchi zisizokuwa za Kiislamu zimeona madhara ya jina tu, zikalizuia lisionekane.

Na sisi wa Afrika Mashariki tumo. Mwaka 2019 timu ya Racing Point ilishindana ikibeba jina la SportPesa, kampuni ya kubeti iliyopata umaarufu wake nchini Kenya. Mwaka huo huo kampuni hiyo iliingia katika mzozo wa leseni na kodi na serikali ya Kenya, na Septemba ikatangaza kusitisha shughuli zake nchini humo. Fedha za kubeti za watu wetu zilikwisha kufika mbali: jina lililokua kwa shilingi za simu za vijana lilikuwa likizunguka Monaco.

Katika hili kuna funzo kutoka Ghuba. Bahrain ilipoandaa mbio zake za kwanza huko Sakhir mwaka 2004, madereva walioshinda hawakumwagiana pombe jukwaani kama ilivyo desturi ya mchezo huo, bali walipewa kinywaji cha maji ya waridi. Mchezo haukuharibika, wala hakuna dereva aliyegoma. Tunawapongeza kwa hilo. Lakini tunakumbusha kwamba pombe na kamari zimetajwa katika aya moja. Pombe huzuiliwa kwa sababu ina chupa na inaonekana mlangoni. Kamari huingia kwa simu, haina harufu wala haiyumbishi mtu barabarani. Ndiyo maana tunamfukuza mlevi nyumbani na kumkaribisha mcheza kamari mezani.

NASAHA KWA FAMILIA

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Kutazama magari kwa kiasi, bila kupoteza swala wala wajibu, hakulingani na kuyawekea dau. Mzazi anayekemea yote kwa pamoja humfanya mwanawe aone kuwa dini haina upambanuzi, naye huficha yote kwa pamoja. Mwacheni kijana apende injini; huenda Allah akamjaalia kuwa mhandisi.

Pili, tusiridhike na hoja ya leseni. Serikali kuitoza kodi biashara hakuigeuzi kuwa halali kwa Muislamu, kama ambavyo kiwanda cha pombe hulipa kodi na pombe ikabaki kuwa pombe.

Tatu, na hili ni zito, tusipokee bila kuuliza. Kijana asiye na kazi akileta nyumbani mchele na kitoweo, baadhi yetu humuombea dua kabla hatujamuuliza amepata wapi. Mama akinyamaza, baba akinyamaza, basi mkeka ule umekwisha tandikwa sebuleni. Na tunaona hatari hiyo hiyo kwa mume anayewatenga watoto na matumizi yao ya wajibu kwa tamaa ya kuyaongeza maradufu Jumamosi. Matumizi ya mke na watoto ni deni juu yake, wala si mtaji wake.

Nne, tujihadhari na mashindano ya kubashiri kwa ujumbe wa simu, ambamo kila mtu hutozwa ili zawadi itoke katika makato ya wote. Kubadilika kwa jina hakubadilishi hukumu.

Tano, aliyekwisha kuzama asikatishwe tamaa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimuelekeza mtu aliyemwalika tu mwenzake kucheza kamari atoe sadaka. Ikiwa mwaliko wa ulimi una kafara yake, basi mlango wa toba kwa aliyecheza haukufungwa. Na aache papo hapo, ajute, aazimie kutorejea, wala asijidanganye kuwa atacheza mara moja tu ili airudishe hasara, kwani hilo ndilo shimo lenyewe. Alichochuma humo akitoe kwa mafakiri kwa nia ya kujitakasa. Na familia imsaidie: imtunzie fedha zake kwa muda, ipange naye ulipaji wa madeni kidogo kidogo, na siri yake isifanywe hadithi ya barazani. Aliyefedheheshwa hurudi kwa wale wasiomfedhehesha, na hao ni wacheza kamari wenzake.

Ndugu Waislamu, mtu hatajibu kesho kuhusu timu iliyotangulia Montreal. Ataulizwa kuhusu mali yake, aliichuma wapi na akaitumia katika nini. Swali hilo tunalijua kabla ya mtihani, na jibu lake tunaliandika kila Jumamosi jioni.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze na halali yake tusiihitaji haramu yake, awahifadhi vijana wetu na mitego iliyopambwa, awarejeshe waliopotea, na atie baraka katika kidogo kinachochumwa kwa jasho. Amin.

Wallahu a'alam.